Je, Mike Westhoff alikuwa na moyo wa dhati katika kazi ya ukocha?

Shabiki wa Kijani (swali)

Ndugu wapenzi wa mpira wa Marekani, naomba tujadili kwa utulivu suala ambalo kila linapotajwa miongoni mwetu mashabiki wa New York Jets huzua ubishi mkali. Namzungumzia kocha Mike Westhoff, aliyesimamia vikosi maalumu vya Jets, yaani vile vinavyoingia uwanjani wakati wa mateke, tangu mwaka 2001 hadi 2012, baada ya kuifanya kazi hiyo hiyo katika timu ya Miami Dolphins tangu 1986 hadi 2000. Hakuna anayekataa kwamba alikuwa mjuzi wa kazi yake. Hakuna pia anayekataa kwamba alikuwa mtu wa aina ya pekee: mwenye sauti nzito, asiyeuma maneno, na aliyekuwa tayari kutoa maoni yake redioni juu ya jambo lolote, liwe la timu yake au la timu pinzani.

Shaka yangu haiko kwenye ujuzi wake. Iko kwenye moyo wake wa kazi. Kabla ya msimu wa 2012 kuanza, alitangaza kwamba huo ungekuwa wa mwisho kwake. Alipoondoka hakukaa muda mrefu kabla ya kuikosoa hadharani timu aliyotoka, hasa kwa namna ilivyomtumia Tim Tebow, mmoja wa makwotabeki wake (kwotabeki ndiye anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi). Novemba 2017 akaibuka New Orleans Saints, akiwa na umri wa miaka 69, na baada ya msimu wa 2018 akaondoka tena. Mwaka 2023 Sean Payton, aliyekuwa kocha mkuu wake New Orleans, alimwita Denver Broncos, naye akaitikia, lakini ilipofika Novemba ya mwaka huo huo akaiacha kazi msimu ukiwa unaendelea.

Najua kwamba afya yake ilikuwa na historia nzito, na sipendi kumhukumu mtu kwa ugonjwa. Hata hivyo, nauliza kwa nia njema: mtu anayestaafu, akarudi, akastaafu tena na kurudi tena, huku katikati akiwa mbele ya kipaza sauti, tumhesabu kuwa aliishi kwa ajili ya ukocha, au tumhesabu kuwa alipenda ule mwanga unaowaangukia makocha? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliomfuatilia tangu enzi za Miami.

Mkongwe wa Dolphins

Ndugu yangu, kwa kuwa umetutaja sisi wa enzi za Miami, nitajibu kwa urefu kidogo.

Mwaka 1988, akiwa katika msimu wake wa tatu na Dolphins chini ya kocha mkuu Don Shula, Westhoff aligundulika kuwa na saratani ya mfupa katika paja la mguu wa kushoto. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kazini, na kwa miaka mingi iliyofuata upasuaji ule ulizaa upasuaji mwingine, kwa sababu viungo bandia alivyowekewa navyo huchakaa, huachia na huhitaji kubadilishwa. Watu wengi wanamkumbuka akiwa pembeni mwa uwanja na fimbo mkononi, na wengine walidhani fimbo ile ilikuwa sehemu ya mbwembwe zake. Haikuwa mbwembwe. Alikuwa akisimama saa tatu na zaidi juu ya mguu ambao madaktari walikuwa wameujenga upya.

Kazi ya kocha wa vikosi maalumu si ya kukaa kitini. Kocha wa ushambuliaji anaweza kuongoza mchezo mzima akiwa kwenye chumba cha juu, akitazama kupitia kioo na kuzungumza kwa simu. Wa vikosi maalumu hukaa chini, kwenye mstari, kwa sababu watu wake hubadilika kila mara: beki wa akiba aliyekuwa akimtarajia akimbie kufunika teke, yaani kumwahi na kumwangusha mpinzani anayeupokea mpira, ameumia dakika moja iliyopita akiwa na kikosi cha ulinzi, na kocha ana sekunde chache za kumtafuta mwingine, kumshika bega na kumwambia asimame wapi. Mtu mwenye mguu kama ule angeweza kuomba kazi ya ofisini, na hakuna ambaye angemlaumu. Westhoff aliendelea kusimama pale kwa karibu robo karne baada ya ugonjwa kugundulika.

Liko jambo la pili, ambalo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko huo wa kwanza. Katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu, kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake kwa kawaida hufungasha virago pamoja naye, kwa maana anayekuja huja na watu wake. Sasa hesabu naye. Miami alianza na Shula. Shula alipoondoka baada ya msimu wa 1995 akaja Jimmy Johnson, akambakiza. Johnson alipoondoka akaja Dave Wannstedt, akawa naye pia katika msimu wa 2000. Jets aliletwa na Herm Edwards. Eric Mangini alipochukua timu mwaka 2006 akambakiza. Rex Ryan alipoingia mwaka 2009 naye akambakiza. Hao ni watu wenye tabia na falsafa zinazotofautiana kabisa. Shula alikuwa mtu wa nidhamu ya zamani, Mangini alikuwa msiri, na Ryan alikuwa mwenye maneno mengi kama Westhoff mwenyewe. Kocha asiye na moyo wa kazi angeweza kumridhisha mmoja kati yao kwa urafiki au kwa bahati, lakini si wote sita.

Mtazamaji Asiyependelea Upande

Naheshimu maelezo ya Mkongwe, na juu ya ugonjwa sina neno. Lakini naona tunaelekea kumsafisha mtu kwa mateso yake, na swali lililoulizwa lilikuwa juu ya kazi. Naomba nitaje mambo mawili ambayo mashabiki wake hupenda kuyaruka.

La kwanza ni tukio la tarehe 12 Desemba 2010, Jets walipocheza na Dolphins. Sal Alosi, kocha wa mazoezi ya viungo wa Jets, alitoa goti lake na kumwangusha Nolan Carroll wa Dolphins, aliyekuwa akikimbia ukingoni mwa uwanja kufunika teke la kuondosha mpira, lile ambalo timu iliyokwama hupiga ili kumpa mpinzani mpira akiwa mbali. Ikabainika baadaye kwamba Alosi alikuwa amewapanga watu wa benchi wasimame bega kwa bega kwenye mstari ule, ili mkimbiaji wa pembeni akose nafasi ya kupita. Alosi alisimamishwa na timu ikatozwa faini ya dola 100,000. Simhusishi Westhoff na goti la mtu mwingine. Ninachosema ni kwamba siku zile, badala ya kunyamaza na kurekebisha nyumba yake, alikwenda redioni akasema kwamba New England Patriots nao hujipanga ukingoni kwa namna hiyo hiyo. Timu ilikuwa inawaka moto, naye akaongeza kuni.

La pili ni msimu wa 2012 wenyewe. Kocha aliyekwisha tangaza kuondoka huwa anafanya kazi akiwa na mguu mmoja nje, na wachezaji huliona jambo hilo hata asipolisema tena. Mwaka ule vikosi maalumu vya Jets, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa fahari ya timu, vililegea. Kila mtu anakumbuka mchezo wa tarehe 22 Novemba, siku ya Shukrani, walipofungwa na Patriots 49 kwa 19. Watu huzungumzia kwotabeki wetu Mark Sanchez kujigonga kwenye makalio ya mchezaji mwenzake na kuachia mpira, lakini husahau kilichofuata mara tu baada ya hapo: Joe McKnight alipokea teke la kuanzia, akapigwa, mpira ukamtoka ukiwa hewani, na Julian Edelman wa Patriots akaudaka na kuingia nao hadi mwisho wa uwanja, akafunga. Hilo halikuwa kosa la kwotabeki. Lilikuwa kosa la kikosi cha Westhoff, tena katika msimu ambao tayari alikuwa ameaga.

Fundi wa Mazoezi

Mimi huwafundisha vijana mchezo huu, na nimezitazama kwa makini picha nyingi za michezo ya vikosi vya Westhoff kwa sababu hakuna njia nzuri zaidi ya kujifunza. Kwa hiyo nitajaribu kuutoa mjadala huu redioni na kuurudisha uwanjani.

Tuchukue teke la kuondosha mpira, ambalo kwa mtazamaji wa kawaida ni wakati wa kwenda kunywa maji. Mpigaji husimama takribani yadi 15 nyuma ya mstari ambapo mchezo huanzia. Mpira hurushwa kwake kupitia katikati ya miguu ya mrushaji na kumfikia kwa muda usiotimia sekunde moja. Tangu urushwe hadi mguu uguse mpira, hesabu yote isizidi sana sekunde mbili. Yadi chache nyuma ya mstari husimama mtu mmoja anayeitwa mlinzi binafsi wa mpigaji. Huyo ndiye kwotabeki wa tendo lile. Kabla ya mpira kurushwa huwahesabu wapinzani kwa kidole, kulia wangapi, kushoto wangapi, kisha hupaza sauti kuwaambia wenzake ulinzi uelekee upande gani. Akikosea hesabu kwa mtu mmoja, yule asiyehesabiwa ndiye atakayeufikia mguu wa mpigaji.

Mwaka 2012 Westhoff alimweka Tim Tebow katika nafasi hiyo, na watu wakacheka kwamba mshindi wa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, amegeuzwa mlinzi. Westhoff aliona kitu kingine. Mtu anayeweza kuhesabu, kuamuru, kukimbia kwa nguvu na kurusha mpira akisimama pale, mpinzani hawezi tena kuwatuma watu wote kwenda kuzuia teke. Analazimika kubakiza wawili au watatu nyuma kwa hofu. Tarehe 14 Oktoba 2012, dhidi ya Indianapolis Colts, mpira ulirushwa kwa Tebow badala ya mpigaji, naye akamtupia Nick Bellore, mchezaji wa ulinzi ambaye hakuna aliyemtarajia kudaka chochote, pasi ya yadi 23. Jambo kama hilo haliokotwi asubuhi ya mchezo. Bellore alipaswa kufanya mazoezi ya kudaka, mrushaji kulenga mahali papya, na walinzi kusimama sekunde nyingi zaidi bila kuonyesha kwa macho kinachokuja. Basi hata katika msimu huo ambao ndugu yetu anasema kocha alikuwa na mguu mmoja nje, kuna mtu aliyekaa akafikiri, akachora, akawafundisha na kuwarudia hadi kikakaa sawa.

Nikiongeza, mimi hupima moyo wa kocha wa vikosi maalumu kwa namna anavyowatendea wachezaji wa mkiani. Timu huwa na wachezaji 53, na kuanzia yule wa 40 hivi kwenda chini, wengi hubaki kikosini kwa sababu moja tu: wanakimbia kwenye mateke. Hawajulikani, mishahara yao ni midogo kuliko ya wengine, na wiki yoyote wanaweza kuachwa. Larry Izzo aliingia Dolphins mwaka 1996 bila kuchaguliwa na timu yoyote katika usajili wa vijana. Katika kambi ile Jimmy Johnson alitangaza kwamba wachezaji wawili tu walikuwa na uhakika wa nafasi, kwotabeki nyota Dan Marino na huyo Izzo. Izzo alijifunza kazi chini ya Westhoff, akaenda Patriots akawa nahodha wa vikosi maalumu na kutwaa mataji matatu ya Super Bowl, fainali ya ligi, kisha mwaka 2009, mwishoni mwa safari yake, akaja Jets kucheza tena chini ya Westhoff. Baada ya hapo yeye mwenyewe akawa kocha wa vikosi maalumu katika ligi hiyo hiyo. Ben Kotwica, aliyekuwa rubani wa helikopta za jeshi, aliingia Jets mwaka 2007 kama msaidizi wake, na Westhoff alipoondoka ndiye aliyekabidhiwa kazi. Kocha anayejipenda mwenyewe haachi nyuma yake watu wanaoijua kazi kiasi hicho.

Mpenzi wa Saints

Nitaongeza machache kutoka upande wetu, kwa kuwa miaka ya New Orleans imetajwa kana kwamba ilikuwa matembezi.

Westhoff alipofika Novemba 2017, Taysom Hill alikuwa kwotabeki wa akiba aliyechukuliwa kutoka Green Bay Packers baada ya kuachwa, na hakuwa amecheza hata mara moja. Mwezi uliofuata akawa anakimbia kufunika mateke ya kuanzia na kuwaangusha wapinzani, kazi ambayo kwotabeki haombwi kuifanya. Tarehe 9 Desemba 2018 tulikuwa tumelala 14 kwa 3 mbele ya Tampa Bay Buccaneers, ushambuliaji wetu umekufa kabisa. Hill akapenya katikati ya ulinzi wao na kuzuia teke la kuondosha mpira. Mchezo uligeuka palepale, tukashinda 28 kwa 14. Payton alikuwa na ujasiri wa kumruhusu Hill, lakini aliyekuwa na mpango wa kumtumia kwenye mateke alikuwa mzee mwenye umri wa miaka 70 ambaye angeweza kuwa nyumbani kwake.

Mtazamaji Asiyependelea Upande

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, ambayo yamenipa jambo la kufikiri, hasa lile la Bellore. Hata hivyo sibadili msimamo wangu juu ya ulimi. Kujitolea kwa kazi hii kunajumuisha kulinda siri za chumba cha kubadilishia nguo, hata baada ya mtu kuondoka. Tebow hakunufaika na chochote kwa kocha wake wa zamani kueleza hadharani kwamba mambo yake yaliendeshwa vibaya. Sanchez hakunufaika. Kama Westhoff aliona vibaya, wakati wa kusema ulikuwa Jumanne asubuhi kwenye kikao cha makocha, siku mpango wa mchezo unapopangwa.

Mkongwe wa Dolphins

Na unajuaje kwamba hakusema Jumanne asubuhi? Mtu aliyezungumza kwa uwazi mbele ya dunia nzima ni vigumu kuamini kwamba alikuwa kimya mbele ya watu wanane mezani.

Kuhusu tukio la Alosi, ndugu yetu ameishia njiani. Tarehe 19 Desemba 2010, wiki moja kamili baadaye, huku magazeti yote yakiwa yamewaelekea, Jets walikwenda Pittsburgh, mji ambao katika historia yao yote hawakuwa wamewahi kushinda dhidi ya Steelers. Teke la kwanza kabisa la mchezo lilipokewa na Brad Smith, aliyekuwa kwotabeki chuoni Missouri na kugeuzwa mchezaji wa kila kazi, naye akakimbia yadi 97 hadi mwisho. Jets wakashinda 22 kwa 17. Wachezaji ambao kocha wao amewatupa hawachezi namna hiyo katika wiki kama ile.

Halafu tarehe 8 Januari 2011, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Colts, Adam Vinatieri alipiga teke la goli, lenye pointi tatu, la yadi 50 na kuwaweka Colts mbele 16 kwa 14 zikiwa zimebaki sekunde 53. Aliyesimama kupokea teke la kuanzia alikuwa Antonio Cromartie, mmoja wa mabeki ghali wa timu. Makocha wengi humficha mtu kama huyo asije akaumia. Cromartie akaurudisha mpira yadi 47, Nick Folk akapiga teke la yadi 32 wakati saa inakwisha, na Jets wakapita 17 kwa 16. Kumshawishi beki nyota afanye kazi ya wachezaji wa mkiani, na aifanye kwa moyo wote, ni jambo linalotaka kocha ambaye wachezaji wanaamini kwamba kazi ile ni kubwa kwake.

Shabiki wa Kijani

Ndugu, nimewasoma wote kwa makini na nawashukuru kwa kutunza heshima ya mjadala.

Kumbukumbu zangu za Westhoff zinaanza na maumivu ya Januari 2005, tulipotolewa na Steelers 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza. Mchezo ule Santana Moss alirudisha teke la kuondosha mpira yadi 75 na kutupatia pointi ambazo ushambuliaji wetu ulishindwa kuzipata, kisha dakika za mwisho Doug Brien akakosa mateke mawili ya goli ambayo lolote kati yake lingetuvusha. Kikosi kile kile kilitubeba na kikatuangusha jioni moja. Nadhani ndiyo maana nimekuwa nikimtazama kocha wake kwa jicho la mashaka: kazi yake haina katikati, ama hakuna anayeitaja, ama nchi nzima inaizungumzia.

Hoja ya makocha wakuu sita naikubali bila masharti, na hoja ya Izzo pia. Ninachobaki nacho ni tofauti ndogo ninayotaka kuiweka wazi. Kuondoka kwake Denver mwaka 2023 sitaki tena kukuita kuacha kazi katikati. Alikuwa na umri wa miaka 75, mwili wake ukiwa umekwisha beba upasuaji mwingi, na aliondoka kwa sababu za kiafya. Pale Denver mratibu wa vikosi maalumu alikuwa Kotwica, mwanafunzi wake mwenyewe, kwa hiyo wachezaji hawakuachwa yatima. Lakini msimu wa 2012 naendelea kuuona kama msimu ambao angepaswa ama kuondoka kabla haujaanza, ama kunyamaza hadi uishe. Kutangaza mapema kuliwapa watu kama Mtazamaji, na mimi pia, sababu ya kulitazama kila kosa la kikosi chake kama dalili ya mtu aliyechoka, hata pale ambapo mpira ulimtoka tu McKnight mikononi kwa sababu alipigwa vizuri.

Fundi wa Mazoezi

Hapo tunakaribiana. Ila ukipata nafasi, itazame tena picha ya teke lile la McKnight polepole, na safari hii usimtazame yeye. Watazame watu wanaomfungulia njia: wawili wanafika mahali pao kwa wakati, wa tatu anachelewa hatua moja, na anayempiga McKnight anapita katika nafasi hiyo hiyo. Hatua hiyo moja ndiyo tunayopaswa kubishania, kama ilitokana na mafundisho yaliyolegea au na mchezaji aliyeteleza.